Bora Kuliko Zipi? Vigezo vya Kuteua Filamu za Bunilizi ya Kisayansi kwa Mtazamo wa Kanyenye

Ikisiri

Orodha za filamu bora za bunilizi ya kisayansi hutolewa mara kwa mara Ulaya na Marekani, nazo hupokewa kwingineko kana kwamba hazina mahali zilikotoka. Makala haya yanadai kuwa hakuna ubora usio na mahali, na kwamba muundo wa ulinganishi wa Kiswahili wenyewe unatudai tutaje mahali hapo. Kwa kuichukua Kanyenye, mjini Tabora, kuwa mahali pa kutazamia, makala yanapendekeza vigezo vitatu vya uteuzi na kuvitumia katika filamu tano. Hoja kuu ni kwamba utanzu huu umejengwa juu ya kisa cha safari na ugeni. Kwa hiyo filamu ipimwe pia kwa namna inavyomtendea yule anayefikiwa.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004 gazeti la The Guardian la Uingereza liliwauliza wanasayansi ni filamu ipi ya bunilizi ya kisayansi iliyo bora. Walioulizwa waliiweka mbele Blade Runner (1982) ya Ridley Scott, ikifuatiwa na 2001: A Space Odyssey (1968) ya Stanley Kubrick. Mwaka 2008 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilitoa orodha yake ya filamu kumi za utanzu huu. 2001 ikawa ya kwanza na Star Wars (1977) ya pili. Mwaka 2022, katika kura ya waongozaji iliyoendeshwa na jarida la Sight and Sound, 2001 iliongoza filamu za tanzu zote.

Makubaliano haya yana uzito, lakini yana mipaka isiyotajwa katika vichwa vya habari. Orodha ya mwaka 2008, kwa mfano, ilihusu filamu za Kimarekani tu. Msomaji anayekutana nayo ikiwa imetafsiriwa kuwa "filamu kumi bora duniani" amepewa dai ambalo waandaaji wenyewe hawakulitoa. Jambo hili linamgusa mhadhiri na mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili moja kwa moja. Filamu sasa inasomwa kama matini, na orodha za namna hii ndizo zinazoamua kipi kitazamwe darasani na kipi kiandikiwe tasnifu.

2.0 "Bora", "Kuliko" na "Wakati Wote"

Kiswahili hakina kiambishi cha kuonyesha ukomo wa sifa. Hatuwezi kuinyambua "bora" ili ipate umbo la kuzipita nyingine zote. Hulazimika kusema "bora kuliko zote", "bora kupita zote" au "bora kushinda zote". Katika kila muundo, neno "zote" linahitaji kundi. Msikilizaji ana haki ya kuuliza: zote zipi? Zilizotengenezwa wapi? Zilizotazamwa na nani?

Neno "kuliko" nalo linastahili kuangaliwa. Umbo lake ni ku-li-ko: kipatanishi cha mahali, kitenzi "li", na kirejeshi cha mahali. Ni umbo lilelile tunalolikuta katika "kule kuliko na maji". Hivyo, tukiufuata umbo wake, ulinganishi wa Kiswahili unakiweka kitu kimoja mbele ya mahali vilipo vingine. Mzungumzaji wa leo hafikirii hayo anaposema "hiki ni kizuri kuliko kile", na si sahihi kudai kuwa maumbo ya maneno hufunga fikra. Hata hivyo, umbo hilo linatukumbusha swali ambalo mhakiki hapaswi kulikwepa: kulinganisha ni kusimama mahali fulani.

Maneno "filamu bora za wakati wote" yana kasoro nyingine. Katika Kiswahili, mfanyakazi wa wakati wote ni yule asiyeajiriwa kwa saa chache. "Wakati wote" hueleza mfululizo wa tendo. Hakutaji historia nzima tangu mwanzo hadi leo. Muundo wenye asili zaidi ungekuwa "filamu bora ambazo hazijapata kutokea mfano wake", au "zilizo bora tangu filamu zianze kutengenezwa". Miundo hii miwili inabeba dai zito na inalionyesha uzito wake. Anayeitumia anajifunga kuonyesha kwamba ameitazama historia yote hiyo.

3.0 Kanyenye na Upande wa Mwenyeji

Ikiwa kulinganisha ni kusimama mahali, makala haya yanachagua kusimama Kanyenye, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora. Uchaguzi huu una sababu ya kihistoria. Katika karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa makutano ya njia za misafara: moja ikitoka Bagamoyo, nyingine ikielekea Ujiji na Manyema, na nyingine ikipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, pembe za ndovu na watumwa, wote walipita hapo. Burton na Speke waliingia Kazeh mwaka 1857. Stanley alifika mwaka 1871, na mwaka uliofuata alikuwa Kwihara pamoja na Livingstone.

Vitabu vya safari hizo viliulisha utanzu wa bunilizi ya kisayansi. John Rieder, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu ukoloni na chimbuko la utanzu huu, ameonyesha jinsi hadithi za kufika sayari ngeni zilivyorithi mtazamo wa masimulizi ya wapelelezi. Filamu ya Georges Méliès ya mwaka 1902 kuhusu safari ya Mwezini, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya utanzu huu, inalithibitisha hilo. Wataalamu wanarushwa Mwezini ndani ya kombora, wanawapiga wenyeji kwa miavuli, kisha wanarudi na mateka mmoja wa kuonyeshwa hadharani. Wakati huo Tabora ilikuwa chini ya boma la Wajerumani.

Mtazamaji wa Kanyenye, basi, anaingia katika kisa hiki akitokea upande wa wenyeji wa Mwezi. Neno "hongo" linatoa mfano mwafaka. Katika njia ya misafara, hongo ilikuwa ushuru ambao mtawala alimtoza mpitaji katika nchi yake. Katika vitabu vya wageni ilisimuliwa kama unyang'anyi, na katika Kiswahili cha leo imebaki na maana ya rushwa. Tendo moja lina maana mbili, kutegemea nani alikuwa akifika na nani alikuwa akifikiwa.

Si kwamba Mswahili alikuwa mwenyeji tu. Mwaka 1901, mwaka mmoja kabla ya filamu ya Méliès, Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Humo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Kwa hiyo Kiswahili kilikwisha kuwa na masimulizi ya kufika ugenini kabla sinema haijafika Mwezini.

4.0 Vigezo Vitatu

Kigezo cha kwanza kinatokana na Darko Suvin, aliyeeleza kuwa utanzu huu hutambulika kwa jambo jipya ambalo linaigeuza dunia ya hadithi kuwa ngeni, lakini kwa mantiki ambayo akili inaweza kuifuata. Filamu inayotumia vyombo vya anga kama pambo tu haikitimizi.

Kigezo cha pili kinahusu makutano: nani anafika, nani anafikiwa, na je, anayefikiwa ana kauli? Kigezo hiki kimo tayari katika fasihi yetu. Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika (1951) angani ili wasomaji wake waione nchi yao. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), anamrusha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, ndani ya chombo kinachomfikisha katika jamii nyingine. Jina la jamii hiyo linafumbua fumbo lote: wale ni sisi. Riwaya hii inatupa kipimo kifupi na kigumu. Filamu bora ya utanzu huu ni ile inayotufikisha mahali pa kukiri kwamba wale ni sisi.

Kigezo cha tatu ni lugha. Je, filamu inauona ugumu wa kuelewana, au lugha ni sauti za kupamba mandhari? Katika Return of the Jedi (1983), mhusika Nien Nunb, kiumbe wa sayari nyingine, hutoa maneno ya Kikuyu yaliyotamkwa na mwanafunzi kutoka Kenya. Kwa mtazamaji wa Marekani hayo yalikuwa mlio wa kigeni. Kwa mtazamaji wa Nyeri yalikuwa maneno yenye maana.

5.0 Filamu Tano

Kwa vigezo hivi, Neptune Frost (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman inastahili nafasi ya kwanza. Ilipigwa Rwanda, na kisa chake kimewekwa katika milima ya Burundi. Wachimbaji wa koltani, madini yanayotumika katika simu na kompyuta, wanaungana na wadukuzi katika kijiji kilichoundwa kwa mabaki ya mitambo. Jambo jipya lake lina mantiki ya kiuchumi, na wanaofikiwa na soko la dunia ndio wasemaji. Wahusika wanazungumza Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, nao wanahama kutoka lugha moja hadi nyingine kama watu wa maziwa makuu wafanyavyo.

Ya pili ni Arrival (2016) ya Denis Villeneuve, ambayo shujaa wake ni mwanaisimu. Hakuna filamu nyingine miongoni mwa hizi iliyoichukulia kazi ya mkalimani kwa uzito kama huu. Historia ya Tabora inamjua mtu wa aina hiyo: Sidi Mubarak Bombay, aliyezungumza na Speke kwa Kihindustani na kuyafikisha maneno kwa Kiswahili. Upungufu wa filamu hii uko katika kigezo cha pili. Vyombo vya wageni vinatua mahali 12, Sierra Leone na Sudan zikiwamo, lakini mazungumzo ya huko hatuyasikii.

Ya tatu ni Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, filamu ya dakika 21 hivi. Baada ya vita vya maji, Asha anaishi katika jamii iliyofungiwa ndani, ambamo jasho na mkojo husafishwa na kunywewa, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Anapopata udongo wenye dalili ya uhai, anatoroka ili aoteshe mbegu. Kichwa cha filamu ni cha Kiswahili na mbegu ina jina la Kikuyu, Maitu, yaani mama. Lakini mamlaka inatoa amri zake kwa Kiingereza. Msomaji makini anaweza kuuona mgawanyo huo kuwa sehemu ya maana.

Ya nne ni District 9 (2009) ya Neill Blomkamp. Wageni wa anga wamekwama Johannesburg na kutengewa makazi duni. Historia ya ubaguzi wa rangi inasomeka wazi, na mhusika mkuu analazimika kugeuka kuwa mmoja wa wale. Hata hivyo, filamu inayompa kauli kiumbe wa sayari nyingine inawachora Wanaijeria kama wahalifu tu, jambo ambalo serikali ya Nigeria ililipinga. Imeshinda mtihani angani na kuanguka nyumba ya jirani.

Ya tano ni 2001. Kwa umbo lake haina mshindani hapa, na kuiondoa kungekuwa chuki badala ya uhakiki. Lakini itazamwe kutoka Kanyenye. Sehemu ya kwanza inaonyesha mababu wa binadamu katika mandhari yaliyopigwa picha Namibia. Kisha mfupa unarushwa juu na, kwa mkato mmoja, tunaona chombo angani. Afrika imekuwa mwanzo wa safari, na baada ya hapo haionekani tena.

6.0 Filamu Inaposimuliwa Upya

Hoja moja inaweza kutolewa dhidi ya mpangilio huu: watazamaji wengi wa vibanda vya video hawazioni filamu hizi katika hali yake ya awali. Nchini Tanzania filamu za nje zimesimuliwa kwa Kiswahili na wasanii, Lufufu akiwa miongoni mwa waanzilishi. Msimulizi wa aina hii hatafsiri tu. Anaeleza, anatania, anawapa wahusika majina, anafananisha mambo na ya nyumbani.

Hoja hii ni ya kweli, nayo inaukamilisha mpangilio wetu. Msimulizi huyo anafanya kazi ya mkalimani wa msafara: anasimama kati ya anayefika na anayefikiwa, na anaweza kumrudishia mwenyeji kauli ambayo mwongozaji alimnyima. Kwa hiyo matini iliyosimuliwa ihesabiwe kuwa matini nyingine, na ipimwe kwa vigezo vyake. Utafiti wa kulinganisha filamu hizo na asili zake ni kazi inayowafaa wanafunzi wa uzamili wa tafsiri na wa fasihi simulizi pia.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kuibadili orodha moja ya dunia kwa nyingine. Mtu anayesimama Zanzibar, Lubumbashi au Muscat huenda akazipanga filamu hizi kwa namna tofauti, naye atakuwa na haki, mradi ataje kundi alilolinganisha na mahali aliposimama. Kinachopaswa kukataliwa ni ubora usio na "kuliko". Bunilizi ya kisayansi ndiyo hadithi ambayo zama hizi hujisimulia kuhusu kesho yake. Tukizipokea orodha zake bila kuuliza "zote zipi?", tutakuwa tumekubali kwamba katika kesho hiyo lugha yetu ni mlio wa kiumbe wa sayari nyingine. Mkangi alikwisha kutupa jibu kwa neno moja.