Lualaba: namba ya kobalti inaweza kukosea hata pasipo mwizi

SANDOA – Kutoka Sandoa hadi Kolwezi ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Vijana wanaoacha mashamba ya mihogo kwenda kuchimba wanajua jambo moja: bei ya gunia haipangwi na jasho. Inapangwa na namba, yaani asilimia ya kobalti ndani ya jiwe.

Kwenye depo za kununua madini, namba hiyo inatoka kwenye mashine ya mkono yenye mionzi, ile wachimbaji wanaiita metorex. Mara nyingi mchimbaji anasema ameibiwa, mnunuzi anakana. Wizi unaweza kuwepo. Lakini hakuna mashine inayoona kobalti moja kwa moja. Inapima mionzi, kisha inakadiria.

Hata mikroskopu ya elektroni, iliyobuniwa Berlin mwaka 1931 na Max Knoll na Ernst Ruska, iko hivyo. Inapitisha elektroni ndani ya kipande chembamba sana cha jiwe. Nyingine zinapita bila kupoteza nguvu, nyingine zinagonga atomu na kupoteza. Kobalti inajulikana kwa hasara inayoanzia karibu elektronivolti 779, shaba karibu 931. Ndivyo wataalamu wanavyotofautisha madini haya mawili katika jiwe moja.

Wanaweza pia kujua hali ya kobalti yenyewe. Katika heterojeniti, lile jiwe jeusi la Kolwezi, kobalti nyingi imepoteza elektroni tatu, na kobalti ya namna hiyo haiyeyuki vizuri katika asidi peke yake. Kiwanda lazima kiongeze dawa nyingine, na hiyo ni gharama.

Shida inaanza pale hasara ya nguvu inapogeuzwa kuwa idadi ya atomu. Hans Bethe aliweka msingi wa hesabu hiyo mwaka 1930. Kwa kuwa hesabu kamili ni nzito, wanafizikia wanaifupisha. Wanachukulia kwamba kila elektroni imegonga mara moja tu, na kwamba haikupindishwa sana njiani. Kipande kikiwa chembamba, makadirio hayo yanafaa. Kikizidi nanometa mia moja hivi, elektroni moja inagonga mara mbili au tatu, hasara zinajumlishana, na namba inapotoka. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi, kwa hiyo kazi ya kukata kipande hicho si ndogo.

Metorex inatumia mionzi ya X, si elektroni, lakini nayo ina masharti yake. Inachukulia kwamba madini ni makavu, yamesagwa na kuchanganywa. Jiwe likilowa, maji yanapunguza mionzi inayorudi. Jiwe likipimwa upande mmoja tu, namba ni ya upande huo, si ya gunia.

Kwa hiyo mchimbaji ana haki ya kuomba mambo manne: madini yakaushwe, yasagwe, yachanganywe, na yapimwe zaidi ya mara moja huku kila namba ikiandikwa mbele yake.

Kongo inatoa karibu 70% ya kobalti ya dunia, na tangu Oktoba 2025 serikali imeweka kiwango cha kobalti inayoruhusiwa kuuzwa nje. Katika hali hiyo, asilimia moja iliyokosewa kwenye mizani ya depo ni chakula kinachopungua nyumbani Sandoa.