Mzee akipaliwa kila siku, usiseme ni uzee tu

Msomaji, tuseme mama yako ametoka mashambani, amekuja kukaa nawe Tassia. Amepanda ngazi hadi orofa ya nne, amepumzika, na sasa mmeketi kunywa chai. Anapiga funda moja, anakohoa. Anapiga la pili, anakohoa hadi machozi yanamtoka. Unampigapiga mgongoni, naye anasema, "Nimepaliwa tu." Kesho yake mambo ni yale yale.

Kupaliwa mara moja moja humpata kila mtu. Kupaliwa kila siku si jambo la kawaida, hata kwa aliyetimiza miaka 80.

Kumeza huonekana kazi rahisi kwa sababu tunameza bila kufikiria. Lakini tonge la ugali linapofika nyuma ya ulimi, misuli ipatayo 30 hufanya kazi kwa zamu, ikiamrishwa na jozi 5 za neva zitokazo ubongoni. Pumzi husimama kidogo, kidakatonge hufunika njia ya hewa, na tonge huteremka kwenye umio. Umri ukisonga, kazi hiyo huenda polepole. Polepole, lakini haimfanyi mtu kukohoa kila mlo. Anayekohoa hivyo huenda neva zake zimeguswa na kiharusi, hata kile kidogo ambacho hakuna aliyekitambua, au na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mikono na kutembea kwa hatua fupi fupi.

Hapa sikiliza vizuri, kwa maana daktari atakuuliza: anasumbuliwa na vitu vya majimaji au chakula kigumu? Anayepaliwa na maji na chai, ilhali ugali unapita, mara nyingi ana kasoro ya neva. Maji hukimbia, na koo lililochelewa haliwahi kuyazuia. Lakini yule ambaye ugali na nyama vinamkwama kifuani, kisha baada ya muda hata uji unakwama, huku anakonda, asikawie nyumbani. Huenda ni saratani ya umio, mojawapo ya saratani zinazowaua Wakenya wengi. (Na hiyo chai inayonywewa ikitokota! Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za joto huenda vikasababisha saratani hiyo. Iache ipoe.)

Kinachoingia njia ya hewa huenda mapafuni na kuleta nimonia, nayo huua wazee. Kibaya zaidi, wengine hawakohoi kamwe. Utawajua kwa sauti inayokoroma kama yenye maji baada ya kunywa, homa za mara kwa mara, au kukataa chai waliyoipenda.

Nyumbani, mketishe wima kitini, si kitandani. Zima televisheni, apige mafunda madogo, na baada ya kula asilale kwa nusu saa. Msafishe kinywa kila siku, maana uchafu wa meno ndio hushuka na mate hadi mapafuni. Wengine hunywa uji mzito vizuri kuliko chai, lakini uzito huo upangwe na mtaalamu. Tembe nazo usizisage kabla ya kumwuliza mwuza dawa, kwa sababu nyingine huharibika au huwa hatari zikisagwa.

Neva zenyewe hutunzwa kwa kudhibiti shinikizo la damu na sukari. Anayemeza metformin kwa miaka mingi aombe kupimwa vitamini B12, inayopatikana katika nyama, maziwa, mayai na omena. Ikipungua, neva huumia.

Kutoka Tassia unaweza kuanzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na ikibidi utumwe Kenyatta. Usishangae ukielekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi hali mama anazungumza vizuri. Ulimi na koo vya kusemea ndivyo vya kumezea, na ingawa wataalamu hao ni wachache nchini, ndio wanaojua kupima kumeza.

Ila mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi: kimbia hospitali saa hiyo hiyo, na usimpe chochote kinywani, hata maji, mpaka apimwe kumeza.