Daudi Alipotukanwa na Nabali

Biblia haihesabu kila hasira kuwa dhambi. Katika Injili ya Marko, sura ya 3, Yesu anawatazama kwa hasira watu waliokuwa wakimvizia waone kama atamponya mgonjwa siku ya sabato. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Waefeso, anakubali kwamba mtu hukasirika, ila anamtaka asitende dhambi wala asilale na uchungu moyoni. Hata hivyo, katika Mahubiri ya Mlimani Yesu huyohuyo anaitaja hasira dhidi ya ndugu sambamba na uuaji. Mkristo basi hana ruhusa ya kuichezea.

Jinsi inavyomnasa hata mtu mwema huonekana wazi katika Samweli wa Kwanza, sura ya 25. Daudi alikuwa mkimbizi nyikani, akiwindwa na Mfalme Sauli, akiwa na watu wapatao 600 wa kulisha. Watu wake walikuwa wamewalinda wachungaji wa Nabali, tajiri mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Ulipofika msimu wa kukata manyoya, ambao ulikuwa wakati wa karamu, Daudi alituma vijana 10 kwa salamu za heshima kuomba chochote kitakachopatikana. Nabali akawajibu kwa kejeli: Daudi ni nani hasa, na siku hizi si watumwa wengi tu wanaowatoroka mabwana wao? Daudi akaamuru panga zifungwe viunoni. Akaondoka na watu 400, akiapa kwamba kufikia asubuhi hatamwachia Nabali mwanamume hata mmoja.

Ajabu ni kwamba katika sura iliyotangulia Daudi alikuwa amempata Sauli pangoni, huko Engedi, akamwacha hai. Alikata pindo la vazi lake tu, na hata hilo likamchoma moyo. Aliyemsamehe mtu anayetafuta roho yake alishindwa kumeza tusi la mfugaji. Jaribu kubwa mtu huliona likija akajiandaa; dharau ndogo humkuta amechoka, ana njaa, na wadogo zake wanamtazama.

Abigaili, mke wa Nabali, aliposikia, hakupoteza muda. Alipakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kutengenezwa, bisi, zabibu na tini, akavitanguliza njiani. Alipokutana na Daudi hakumwambia atulie, maneno ambayo kwa kawaida humzidishia mtu moto. Aliinama, akajitwika lawama, akakiri upumbavu wa mumewe, kisha akamwelekeza kwenye kesho: siku atakapokuwa mtawala wa Israeli, damu iliyomwagwa bure isije ikamlemea moyoni. Daudi alimshukuru Mungu kwa kumleta mwanamke huyo, akaachana na kiapo chake, akarudi. Uamuzi huo ulihitaji nguvu kuliko upanga, maana alirudi mbele ya watu 400 waliokwisha kumsikia akiapa.

Wapo waliodhani dawa ni kujitenga na wachokozi. Yohane Kasiano, mtawa aliyeishi jangwani Misri mwishoni mwa karne ya 4, aliandika kwamba hata akiwa peke yake alijikuta akikasirikia kalamu isiyoandika vizuri, kisu butu na jiwe la kuwashia moto lililochelewa kutoa cheche. Kwake, upweke huificha hasira tu, hauiponyi.

Ndiyo maana maagizo ya Agano Jipya yanamrudisha mtu kwa wenzake. Yakobo anataka masikio yawahi kuliko ulimi. Katika Mathayo 5, mwenye kutoa sadaka akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, anaiacha madhabahuni aende wakapatane kwanza. Katika maisha ya leo, hatua ya kwanza yaweza kuwa kutoutuma ujumbe ulioandikwa usiku kwa ghadhabu, na kumpigia kwanza mtu mmoja mwenye busara ya Abigaili.

Kujizuia huko si kunyamazia uonevu, na anayepigwa nyumbani au kazini hapaswi kufundishwa hivyo kwa jina la upole. Paulo, aliyewakataza Warumi kulipiza kisasi, alipopigwa fimbo Filipi bila kuhukumiwa alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Aliwataka wakuu wa mji waje wenyewe kumtoa, nao wakaja.