Gurudumu Jipya, Breki ya Zamani

Baiskeli kubwa za inchi 28 zimebeba mizigo ya vijijini kwa miaka mingi. Nyingine zilitoka Uingereza, kama Raleigh. Nyingine zilitoka China, kama Phoenix. Nyingine zilitoka India, kama Hero. Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza utaziona hata leo. Zinabeba maji, mahindi, mkaa na watu. Fremu zake ni za chuma kizito. Fremu ikitunzwa vizuri, baba humwachia mtoto.

Lakini magurudumu hayadumu kama fremu. Rimu hushika kutu. Hupinda katika mashimo. Spoku hukatika moja baada ya nyingine. Mwishowe fundi anakwambia kuwa gurudumu limekwisha, tafuta jingine.

Ukienda gulioni, huenda usipate gurudumu kama la kwako. Utakuta magurudumu ya mauntini, zile baiskeli zenye matairi mapana ya meno. Utakuta pia magurudumu ya baiskeli zilizotumika, zilizoletwa kutoka Japani na Ulaya. Gurudumu linang'aa na bei inakufaa. Je, ununue?

Tuseme mkulima mmoja amenunua gurudumu la mauntini. Analifunga mbele. Linazunguka vizuri. Lakini anapobana breki, raba hazigusi rimu. Zinabana hewa tu. Anajiambia kuwa breki ya nyuma inatosha. Kesho yake anapakia gunia la mkaa na kushuka mlimani. Katikati ya mteremko breki ya nyuma inamshinda. Anashusha mguu ili aburuze kandambili chini. Mguu wa mtu hauwezi kusimamisha gunia la mkaa linaloteremka.

Kosa halikuwa la fundi wala la mlima. Gurudumu na breki huenda pamoja. Ukibadili kimoja, lazima ukitazame na kingine, nawe ukitazame kabla hujalipa.

SOMA NAMBARI ZA TAIRI

Chukua kitambaa. Futa vumbi ubavuni mwa tairi lako la zamani. Utaona nambari. Baiskeli kubwa za kawaida huandikwa 28 x 1½. Tunasoma: ishirini na nane, kwa moja na nusu. Hizo ni inchi.

Inchi hizi zimewaponza wengi. Matairi mawili yanaweza kuandikwa 28, na bado yasiingiliane. Tairi la 28 x 1½ ni kubwa kuliko tairi la 28 x 1⅝ x 1⅜. Vivyo hivyo, tairi la 26 x 1⅜ halikai katika rimu ya 26 x 1.95. Ukiona nukta katika nambari ya tairi la 26, hilo ni la mauntini. Ukiona sehemu, kama ⅜, hilo ni tairi la aina nyingine. Muuzaji anaweza kukuapia kuwa yote ni ishirini na sita. Naye anasema kweli, lakini ukweli huo hautakusaidia.

Kwa hiyo tafuta nambari nyingine. Mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo, na ina mstari mfupi katikati. Kwa mfano: 40-635. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni upana wa duara la rimu mahali ukingo wa tairi unapokaa, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nambari hiyo ya pili ndiyo ya kuamini. Mbili zikilingana, tairi litaingia katika rimu. Zisipolingana, usilazimishe.

Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi. Baiskeli kubwa ya zamani ya 28 x 1½ ni 635. Baiskeli nyingi za mjini za siku hizi zenye magurudumu ya 28 ni 622. Baiskeli nyingi za Kijapani zenye kikapu mbele, za 26 x 1⅜, ni 590. Mauntini ya 26 ni 559. Baiskeli za zamani za resi, za 27 x 1¼, ni 630.

TUPIGE HESABU

Hesabu hii ni ya kutoa na kugawa kwa mbili.

Unaondoa gurudumu la 635 na kufunga la 622. Toa: 635 – 622 = 13. Sasa gawa kwa mbili, kwa sababu nusu ya tofauti iko juu ya ekseli na nusu iko chini yake. Unapata milimita 6 na nusu. Maana yake, rimu mpya iko chini ya ile ya zamani kwa milimita 6 na nusu hapo raba zinapobana. Raba nazo lazima zishuke kiasi hicho.

Sasa tazama mauntini. 635 – 559 = 76. Nusu yake ni 38. Hizo ni karibu sentimita 4, yaani kama vidole viwili vya mtu mzima. Breki ya kawaida haiwezi kushushwa kiasi hicho. Ndiyo maana raba za yule mkulima zilibana hewa.

Mwenye baiskeli ya resi ana bahati zaidi. 630 – 622 = 8, na nusu yake ni 4. Mikono ya breki yake ina uwazi mrefu ambamo raba hupanda na kushuka. Mara nyingi analegeza nati, anashusha raba milimita 4, anakaza, kazi imekwisha.

RABA HUGUSA WAPI?

Kipimo peke yake hakitoshi. Umbo la rimu nalo ni jambo kubwa, na hapa hata baadhi ya mafundi hukosea.

Baiskeli kubwa za zamani nyingi zina breki za vyuma. Hazina waya. Ukibana mkono wa breki, fito za chuma huvuta raba. Raba hizo zimekaa ndani ya duara la rimu, upande wa spoku. Mbele huvutwa kwenda juu. Nyuma huvutwa kwenda mbele, kuelekea kwenye pedeli. Rimu ya baiskeli hiyo ina njia mbili laini upande wa ndani, moja kila upande wa spoku. Raba hubana hapo.

Breki za waya ni tofauti. Mikono yake miwili hubana kama koleo. Raba hugusa ubavu wa rimu, kushoto na kulia. Rimu yake ina mbavu bapa.

Sasa chukua rimu ya mbavu bapa uifunge kwenye baiskeli ya breki za vyuma. Hata vipimo vikikaribiana, upande wa ndani mara nyingi hauna njia ya raba. Raba zitateleza, au zitagonga vichwa vya spoku. Kwa hiyo geuza gurudumu dukani utazame upande wa ndani. Ukiona njia mbili laini kama za rimu yako ya zamani, breki za vyuma zitafanya kazi. Legeza vishikizo vya fito, shusha raba kadiri ya hesabu yako, kisha kaza. Usisahau vile vishikizo vidogo kwenye uma wa mbele vinavyoongoza chuma cha breki. Navyo hushushwa.

Kama mbavu ni bapa, utahitaji breki za waya. Basi ongeza bei yake kwenye bei ya gurudumu. Breki hizo zinahitaji tundu la bolti juu ya gurudumu, mbele na nyuma. Funga gurudumu kwanza. Chukua rula, pima kutoka kwenye tundu hilo hadi katikati ya ubavu wa rimu. Peleka kipimo hicho dukani. Breki za waya zina mikono mifupi na mikono mirefu, na fremu za zamani mara nyingi huhitaji mirefu.

Rimu za chuma na za alumini zina tofauti nyingine. Rimu ya chuma ikilowa mvua, raba huteleza sana, na baiskeli huenda mbali kabla ya kusimama. Alumini hushika vizuri zaidi katika maji. Kwa mtu anayesafiri masika, hiyo ni sababu ya kweli ya kubadili.

BREKI ILIYO NDANI YA GURUDUMU

Iko njia nyingine. Kuna magurudumu ya nyuma yenye breki ndani ya kitovu. Unakanyaga pedeli kinyumenyume, nayo hushika. Breki hiyo haijali ukubwa wa rimu wala umbo lake. Ina mkono mfupi wa chuma pembeni ya ekseli. Mkono huo lazima ufungwe kwenye fremu kwa kishikizo na bolti. Ukiachwa wazi, siku utakapokanyaga breki utazunguka pamoja na ekseli, na gurudumu linaweza kulegea.

Mimi naipenda breki hii kwa nchi tambarare. Kwa mteremko mrefu wenye mzigo, hupata moto mpaka grisi ya ndani inaungua. Hapo lazima breki ya mbele nayo iwe nzima.

HESABU SPOKU, PIMA NAFASI

Fundi anaweza kukushauri ubaki na kitovu chako cha zamani, ununue rimu tu. Ni ushauri mzuri, lakini hesabu spoku kwanza. Baiskeli nyingi za zamani za mtindo wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Magurudumu mengi ya mauntini yana 36 na 36. Rimu ya matundu 36 haifai kwa kitovu cha matundu 40. Na rimu ikiwa ndogo, spoku za zamani zitakuwa ndefu mno. Utanunua mpya.

Ukinunua gurudumu zima la nyuma, pima nafasi kati ya vyuma viwili vya fremu vinavyoshika ekseli. Fremu nyingi za zamani zina milimita 110 hadi 120. Gurudumu la nyuma la mauntini mara nyingi linataka 135. Wako wanaotanua fremu kwa nguvu kwa kutumia mti. Chuma kinaweza kupasuka kwenye maungio, na gurudumu likae upande. Afadhali utafute gurudumu jembamba.

Kumbuka pia kimo. Ukitoa magurudumu yote mawili ya 40-635 na kufunga ya 50-559, baiskeli nzima itashuka karibu sentimita 3. Pedeli zitagonga mawe na kingo za njia, hasa ukikata kona huku unakanyaga.

KUFUNGA NA KUJARIBU

Raba iguse rimu tu. Ikipanda juu itasugua tairi mpaka lipasuke. Ikishuka chini inaweza kuponyoka na kuingia kwenye spoku, na gurudumu la mbele likakwama ghafla. Raba nyingi hukaa katika kiatu cha chuma chenye upande mmoja wazi na mmoja uliozibwa. Upande uliozibwa uelekee kule rimu inakokwenda inapopita hapo. Ukigeuza, raba itachomoka siku ya kwanza ya mteremko.

Usikate raba ya breki kutoka kwenye tairi la gari. Nyingi zina nyuzi za chuma ndani, nazo hukwaruza rimu. Raba ya kandambili nayo ni laini mno, huisha upesi.

Jaribu baiskeli ukiwa umesimama kando yake. Bana breki ya mbele, isukume mbele. Gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo nyuma. Mkono wa breki usifike kwenye usukani. Kisha endesha tambarare bila mzigo, halafu na mzigo mdogo. Baada ya hapo kaza nati zote tena, maana spoku na waya mpya hulegea siku za kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Nenda kwenye baiskeli iliyo karibu. Soma nambari za tairi la mbele na la nyuma. Je, zinalingana?

2. Mtu anaondoa gurudumu la 635 na kufunga la 590. Raba za breki zishuke milimita ngapi? Je, breki yake inaweza kufika?

3. Hesabu spoku za gurudumu la nyuma la baiskeli hiyo. Ni rimu ya matundu mangapi itakayofaa?

4. Ni baiskeli ngapi hapa kijijini zinazotembea na breki moja tu? Wenyewe hupita mteremko gani?