Baba rubani akikosa safari: afya ya mama na watoto nyumbani

Ukiwa Masama unazisikia ndege zikishuka KIA. Uwanja huo uko hapa hapa wilayani Hai, ulifunguliwa mwaka 1971, na umelisha nyumba nyingi: za marubani, wahudumu wa ndani ya ndege, mafundi, madereva, wapishi na wabeba mizigo. Makala hii inazungumza zaidi na mama ambaye mume wake ni rubani, lakini mengi yanamhusu pia mke wa dereva anayesubiri watalii.

Hofu ya kazi ya ndege ina sababu. Mwaka 1977 shirika la East African Airways lilikufa pamoja na Jumuiya, na wapo wastaafu waliodai mafao yao kwa miongo mingi. Mwishoni mwa mwaka 2018 ndege za Fastjet Tanzania, zilizokuwa zikitua pia KIA, ziliacha kuruka. Aprili 2020, kwa sababu ya korona, nchi ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje. Zilipofunguliwa Mei 18, abiria hawakurudi siku hiyo hiyo. Kisha Novemba 2022 Air Tanzania ilitangaza kusimamisha ndege zake za Airbus A220 kwa tatizo la injini. Ndege zikipungua, ajira mpya husitishwa, na aliyepo kazini hulala akihesabu nani atafuata.

Kwa rubani kuna jambo la ziada ambalo ndugu wengi hawalijui, wanamwambia tu "tafuta kampuni nyingine". Leseni yake inamruhusu aina fulani ya ndege. Wa ATR haingii tu kwenye Airbus. Ili abebe abiria, lazima awe ameruka na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90, na hupimwa tena na tena kwenye simuleta, mashine ya mazoezi inayoiga ndege, ambayo gharama yake ni kubwa. Kwa hiyo kila mwezi anaokaa nyumbani unampunguzia nafasi ya kuajiriwa. Tena lazima daktari wa anga amwone mzima angalau mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo wengi hunyamaza: anaogopa kwamba akisema halali usingizi au ana huzuni, cheti kitaondoka na leseni nayo.

Ukimya huo ndio unaoumiza nyumba. Sonona inatibika, na kutibiwa hakumaanishi kila mara mwisho wa kuruka. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2010 huwaruhusu baadhi ya marubani wanaotumia dawa fulani za sonona kurudi kazini baada ya uangalizi. Hapa kwetu aanze na daktari wa anga aliyeidhinishwa na TCAA, amwulize wazi. Kununua vidonge vya usingizi dukani kwa siri ni kubaya zaidi. Pombe nayo humlaza mtu haraka, halafu humwamsha usiku wa manane, na kesho huhitaji zaidi.

Watoto wanaona

Usidhani mtoto hajui. Mtoto wa miaka 3 aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Wa shule analalamika tumbo kila asubuhi. Mkubwa anakuwa mkali au anajifungia. Usimchape kwa hayo. Mwambie ukweli unaomtosha: "Kazini kwa baba ndege zimepungua. Si kosa lako wala si kosa lake. Chakula kipo, na shule tutazungumza na mwalimu." Usimwahidi kwamba baba atarudi kazini mwezi ujao. Saa ya kula, kuoga na kulala zibaki zile zile, maana kwa mtoto ratiba ni usalama. Tumbo likiuma kweli, akiharisha, akiwa na homa au akipungua uzito, mpeleke kituoni. Si kila kitu ni mawazo.

Unayenyonyesha, utasikia kwamba maziwa ya mama mwenye mawazo yana sumu. Hayana. Mawazo yanaweza kuchelewesha maziwa kushuka, basi. Kaa sehemu tulivu, mweke mtoto ngozi kwa ngozi, kunywa maji, nyonyesha mara nyingi. Kuacha kunyonyesha na kuanza kununua maziwa ya kopo wakati mshahara umesimama ni hasara mara mbili.

Kwenye chungu, punguza vya dukani kwanza. Ndizi, maharage, mboga za kihambani, dagaa, yai na maziwa ya ng'ombe wa nyumbani vinamkuza mtoto vizuri kuliko soda na biskuti.

Bima na haki zake

Bima ya mwajiri ina mwisho. Ulizeni mapema itakoma tarehe gani, na kama kuna upimaji au dawa za mwendelezo, fanyeni kabla. Ikikatika, usiache kliniki: kwa sera ya nchi, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 huhudumiwa bila malipo katika vituo vya serikali, na chanjo zinaendelea.

Mwajiri anayepunguza watu anatakiwa na sheria ya kazi ya mwaka 2004 kutoa taarifa na kushauriana nao kwanza. Aliyefanya kazi mfululizo angalau mwaka mmoja hudai kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Kama ameachishwa isivyo halali, malalamiko yapelekwe CMA ndani ya siku 30; wengi huzipoteza siku hizo kwa aibu. Ofisi ya NSSF nayo iulizwe kuhusu fao la kukosa ajira.

Lini uogope

Huzuni ya wiki ya kwanza ni ya kawaida. Ikizidi wiki mbili, hali, halali, haogi, hataki kuona watu, nendeni hospitali. Akisema heri afe, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, mwulize wazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa dawa za shambani na vidonge karibu naye, mwite shemeji au jirani unayemwamini, mpelekeni Mawenzi au KCMC siku hiyo hiyo. Akikupiga wewe au watoto, toka kwanza uwe salama, kisha dawati la jinsia polisi; kukosa kazi hakumpi mtu ruhusa hiyo. Na hali hiyo ikikupata wewe mama, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako kama ungemsemea mwingine.