Tarantula si wa kushikwashikwa

Vijana wengi wa Kisii na Nyamira humwona tarantula kwanza kwenye simu: buibui mkubwa mwenye manyoya, katulia kiganjani mwa mtu kama kifaranga. Swali hufuata papo hapo: je, na huyu wa kwetu anashikika? Jibu langu ni hapana, na sumu ni nusu tu ya sababu.

Wale wapole wa kwenye video aghalabu asili yao ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Silaha yao ya kwanza ni vinyweleo vya tumboni, ambavyo huvikwangua kwa miguu ya nyuma na kuvirusha hewani. Vikitua kwenye ngozi, huwasha. Vikiingia jichoni, ni balaa. Mwaka 2009, huko Leeds, Uingereza, madaktari walikuta vinyweleo vimejichomeka kwenye konea ya mgonjwa aliyekuwa akisafisha tangi la tarantula wake.

Tarantula wa Afrika hana vinyweleo vya kurusha. Yeye huuma. Pelinobius muticus, wa nyika kavu za Kenya na Tanzania, huchimba shimo refu, na akichokozwa huinua miguu ya mbele, akafunua chonge na kutoa mlio wa kukwaruza. Jamaa yake, Pterinochilus murinus, ana mbio za kutisha. Kabla hujaamua la kufanya ameshapita kiwikoni.

Sumu yao haijulikani kuua watu, lakini maumivu ni makali na misuli inaweza kukakamaa kwa saa nyingi. Kwa nini iume hivyo? Mwaka 2006 maabara ya mtafiti David Julius, California, ilionyesha kwamba sumu ya tarantula wa Trinidad huamsha kipokezi kilekile cha neva ambacho pilipili hukiamsha. Mwaka 2016 kundi hilo likaeleza sumu ya Heteroscodra maculata wa Afrika Magharibi, inayofungua mlango mwingine kwenye neva za maumivu. Nguvu ya sumu hizi haitoki katika kuharibu nyama. Zinaiamsha neva ipige kelele. Kwangu hilo ni ajabu kubwa: buibui anawafundisha wanasayansi jinsi mwili wa binadamu unavyohisi uchungu.

Sasa mgeukie buibui mwenyewe, kwa maana yeye ndiye anayepata hasara zaidi. Hunyoosha miguu kwa shinikizo la majimaji ya mwili, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba. Akianguka kutoka usawa wa kifua cha mtu, tumbo linaweza kupasuka, majimaji yakavuja, naye akafa. Akiwa amejivua gamba karibuni ni laini zaidi, hata chonge bado hazijawa ngumu. Na hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Na hapati raha yoyote kwa kupapaswa: haoni vizuri, husoma dunia kwa mitetemo, na mkono wako kwake ni ardhi yenye joto inayotikisika.

Akihitaji kuhamishwa, mfunike kwa kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, telezesha kadi ngumu chini yake, umbebe hivyo. Anayesisitiza kumshika mpole wa Amerika na akae sakafuni, kiganja kikiwa chini kabisa, amguse miguu ya nyuma kwa brashi laini mpaka apande mwenyewe. Asimpulizie pumzi, na akimaliza anawe mikono kabla ya kugusa macho. Akiuma, osha jeraha kwa maji na sabuni, usichanje wala kufyonza. Kifua kikibana au misuli ikikakamaa, nenda hospitali.

Kuna pia sheria. Mei 7, 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa Naivasha na chungu wapatao 5,000. Soko la wanyama wa kufuga linalonunua chungu hao hununua na buibui, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haiwaachi nje viumbe wadogo kama hawa. Ukikuta shimo lililotandazwa hariri shambani, usichimbe, wala usiuze aliyemo. Na ukitaka kufuga, anza kwa kuuliza kibali ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).