Mwache Mhojiwa Atangulie

Kabla ya kwenda kuhoji watu, mtafiti ana uamuzi wa kufanya. Anaweza kubeba maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, na kumuuliza kila mtu. Hayo ndiyo mahojiano funge. Au anaweza kuanza na jambo moja pana na kumwachia mhojiwa aelekee anakotaka; hayo ni mahojiano huria. Wanafunzi wengi hukimbilia yale ya kwanza kwa kuwa majibu yake ni rahisi kupanga kwenye jedwali. Kwa utafiti unaotaka kuelewa maisha ya watu, naona huko ni kuanzia mwisho. Anayeandika orodha ya maswali anadai kwamba tayari anajua cha kuuliza. Karani wa sensa ana haki ya kudai hivyo, maana umri na idadi ya watu wa kaya ni mambo yanayofahamika. Anayetaka kujua kwa nini wafanyakazi hawaridhiki hana haki hiyo.

Ushahidi mzuri unatoka kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambako kampuni ya Western Electric ilitengeneza vifaa vya simu. Mwaka 1928 wahoji walianza kuwauliza wafanyakazi kuhusu kazi, mazingira na wasimamizi wao. Watu walijibu kidogo, kisha wakarudi kwenye yaliyowasumbua wao. Mwaka 1929 utaratibu ukabadilishwa: mhoji asikilize, asibishane, asitoe ushauri, asikatize. Mazungumzo ya nusu saa yakafika hata saa moja na nusu, na kufikia 1930 zaidi ya wafanyakazi 20,000 walikuwa wamehojiwa. Elton Mayo, aliyehusika na utafiti huo, anaeleza habari za mwanamke aliyemchukia msimamizi mmoja. Akiwa katikati ya kusimulia, mwenyewe akang'amua kwamba alimwona msimamizi huyo anafanana na baba yake wa kambo, ambaye hakumpenda kabisa. Dodoso lingeandika tu kwamba msimamizi ni mbaya, na kampuni ingemhamisha bure.

Wapo wanaosema mahojiano huria humpa mhoji nafasi ya kupenyeza mawazo yake, na majibu hayalinganishiki. Hoja hiyo ina uzito. Hata Hawthorne wahoji walikuwa waajiriwa wa kampuni ileile, na bila shaka yapo yaliyofichwa. Lakini dodoso nalo lina mawazo ya mwandishi wake, ila yamejificha ndani ya maswali, ambako ni vigumu zaidi kuyaona. Na mwenye hofu na bosi wake hatasema kweli kwa sababu tu maswali yamepangwa. Kuhusu ulinganifu, pale ambapo makarani wengi wanafanya kazi mikoa tofauti, maswali funge hayaepukiki. Ila yatungwe baada ya kuwasikiliza watu, kwa maneno yao wenyewe.

Mahojiano ya Hawthorne yalidokeza jambo jingine: vikundi vya wafanyakazi vilikuwa vikijiwekea kiwango cha kazi. Novemba 1931 watafiti wakawaweka wanaume 14 katika chumba cha peke yao na kuanza kuwatazama. Malipo yalipanda kadiri kikundi kilivyozalisha zaidi, lakini wenyewe walikuwa na kiasi walichokiona kinatosha kwa siku, na aliyefanya kazi kwa kasi kupita wenzake alipigwa ngumi mkononi.